Kosa la Pikipiki ya Maganga

Nyinyi vijana mnaopaki pikipiki pale njia panda ya Mombo, barabara ya Lushoto inapochepuka, nikipita mnaniamkia vizuri. Shikamoo bibi. Marahaba wanangu. Hata kapu mnanipokea. Halafu nikishavuka upande wa pili namsikia mmoja wenu anaanza: "Oya, mnaijua ile ya Maganga Rivasi?" Kicheko kinafuata. Mnadhani sisikii. Masikio haya yalikuwa yanasikia beringi moja mbovu ndani ya kiwanda kizima kinachonguruma, sembuse nyinyi mlio hatua kumi!

Leo nitawasimulia mwenyewe, kwa sababu nilikuwepo, tena nilikuwepo kuliko mnavyodhani. Lile kosa mnalolicheka lina mwenyewe, na mwenyewe si Maganga. Amekwenda nalo kaburini. Likamrukia mwanawe Yohana, ambaye mpaka leo akimchomelea mtu geti pale Korogwe anaambiwa, "Fundi, usije ukalifunga kinyume kama baba yako." Yohana ana watoto watatu na mvi mbili tatu, bado anaambiwa hivyo. Nataka kosa hilo litoke lilipokaa kabla sijaondoka mimi pia.

Jina langu Mwantumu, Mzigua wa Handeni, upande wa Sindeni. Miaka thelathini na minne nilikuwa mkereza vyuma kwenye karakana ya shamba moja la mkonge huku Korogwe. Kukereza ni hivi: chuma kinafungwa kwenye mashine, kinazunguka, wewe unakisogezea kisu polepole kinamenyeka, mpaka kinatokea kitu ulichokiona kichwani. Kile kinachomenyeka hutoka kama uzi, umejikunja, una rangi ya bluu ya moto, unateleza chini taratibu. Bado nauota. Naamka asubuhi vidole vinasogeza mpini ambao haupo.

Aliyenifundisha ni Mzee Shebughe, Msambaa, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua la Machi. Siku ya kwanza alinitazama akasema, "Binti, mashine haijui kama wewe ni mwanamke. Watu ndio wanajua. Basi usiogope mashine, ogopa watu." Kisha akanipa ufagio. Miezi minne nilifagia vumbi la chuma ndiyo nikaruhusiwa kushika kisu.

Alikuwa na masomo mawili tu. La kwanza, kusikiliza kwa mti. Unachukua kipande cha mti mkavu, ncha moja unagusa mashine, nyingine unaiweka kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Hapo mashine inakuambia kila kitu, mpaka siri zake za jana. Nilikuwa nafumba macho nikiisikiliza, na wakati mwingine nilisahau kuyafumbua. Mzee ananigonga kisogoni: "Wewe, umeitwa kazini au umeitwa kulala?"

La pili lilikuwa hili: kabla hujatia moto, zungusha kwa mkono. Umefunga shafti? Zungusha kwa mkono, tazama inakwenda wapi. Umefunga gia? Kwa mkono kwanza. Nilifuata sheria hiyo miaka thelathini na minne, nikaiacha siku moja.

Lazima niwaambie na habari ya korona, la sivyo hamtaelewa kwa nini niliiacha. Korona ndiyo mashine kubwa inayosaga majani ya mkonge yakatoka singa, zile nyuzi nyeupe mnazoziona zimeanikwa juani. Zamani mashine zetu zilizungushwa kwa mikanda mipana ya ngozi na turubai. Ikitokea mashine inazunguka kinyume, hatukusumbuka. Tuliuvua mkanda, tukaupindua mara moja katikati, tukaurudisha. Mashine inageuka, inakwenda unakotaka. Dakika kumi, kazi imekwisha. Kwa hiyo sisi watu wa korona tuliogopa mambo mengi, kukatika, kuungua, kutikisika, lakini mzunguko hatukuuogopa kamwe. Shida iliyo na dawa ya dakika kumi, nani anailalia macho?

Sasa Maganga. Alikuwa mchomeleaji pale pale karakana, Mnyamwezi, babu yake aliletwa kutoka Tabora kukata mkonge. Pande la mtu, kicheko chake kilikuwa kinafika mpaka kwenye mizani ya kupimia singa. Mzigua na Mnyamwezi ni watani, hamlijui hilo siku hizi mnajua mpira tu. Basi tukikutana asubuhi anaanza yeye: "Mtumwa wangu umeamka? Bada lako la muhogo umeshiba?" Namjibu: "Nyamaza, babu yako alitembea miezi na mzigo kichwani, na wewe mpaka leo unatafuta pa kuutua." Tuliishi hivyo. Siku asiponitukana nilikuwa namuuliza mkewe kama anaumwa.

Mwaka niliostaafu, naye akastaafu. Yohana akamwonesha kitu kwenye simu: pikipiki za ng'ambo zilizojengwa juu ya injini ya gari, silinda nane, mtu amekaa juu yake mikono imenyooka kama anaswaga ng'ombe. Maganga akaja nyumbani kwangu na simu ya watu, hata hodi hakupiga vizuri.

"Mzigua, tazama mnyama huyu."

Nikatazama. Nikamwambia, "Huyo mtu ana wazimu."

"Ndiyo. Na sisi tunao. Tofauti ni kwamba yeye anao wa kununua, sisi tutautengeneza."

Nilicheka, lakini alipoondoka nilikaa kibarazani muda mrefu. Maisha yangu yote nilitengeneza vipande. Bushi ya mashine hii, shafti ya ile, vitu vinavyoingia ndani ya vitu vingine na havilioni jua tena. Sijawahi kutengeneza kitu kizima, kitu kikisimama mtu akasema, kile pale. Kesho yake nilikwenda kwa Maganga kabla hajanywa chai.

Injini tuliitoa kwenye pikapu iliyokuwa imelala nyuma ya ghala la mpunga Mombo, kuku wanatagia ndani. Silinda nne, lita mbili. Watu wanne waliibeba, wa tano alikuwa anatoa amri tu, ni Maganga. Gurudumu la nyuma la gari. La mbele na mikono yake tulitoa kwenye pikipiki kubwa ya bwana shamba mmoja wa zamani, tukaiongezea mifupa. Rejeta mbele, kama ngao. Tangi alilichomelea Maganga kwa mabati mazito, akalipaka rangi ya kijani ya majani ya mkonge, kwa mkono, kwa brashi ya ukutani, na nilipomwambia ina mistari ya brashi akasema hata mkonge una mistari.

Tulifanya kazi mchana, chini ya paa la bati nyuma ya nyumba yake. Miezi tisa, na sikumbuki kama tulichoka. Nakumbuka mwanga unaopita kwenye matundu ya bati ukiangukia injini, matone matone, na Maganga akipiga mluzi ndani ya ile barakoa ya kuchomelea. Mimi nilikuwa nakwenda karakana ya rafiki mjini kukereza vipande, narudi navyo vimefungwa kwenye kanga, vya moto bado, kama mtu aliyetoka kununua mandazi.

Kila kipande nilikitia alama yangu. Mkereza ana alama yake. Yangu ni vitone vitatu, vimegongwa kwa msumari wa chuma, vimekaa kama mafiga.

Kazi ngumu ilikuwa difu. Difu ni kile kibuyu cha chuma kilicho katikati ya ekseli ya nyuma ya gari: nguvu inaingia kwa mbele, inapinda, inatokea ubavuni kuzungusha gurudumu. Sisi tulitaka itokee upande mmoja, tuweke sproketi, ile gia ya cheni, cheni ivute gurudumu. Kwa kawaida ingetokea kulia. Lakini kulia kulikuwa na eksozi. Nikakaa, nikachora kwa chaki sakafuni, nikasema: tunakipindua kibuyu hiki juu chini, inatokea kushoto, eksozi haiguswi. Nikatengeneza mkono wa chuma wa kukishikilia, matundu manne, upande wa kushoto. Safi kabisa. Nikautia vitone vyangu vitatu.

Maganga akakuna kichwa. "Dada, tukikipindua hivi, mzunguko hauharibiki?"

Aliniita dada, hakuniita Mzigua. Ningejua hapo kwamba ameuliza kwa dhati. Lakini nilikuwa nimechoka, halafu nina kiburi, wanangu, kiburi cha kazi ni kibaya kuliko cha mali. Nikamwambia, "Mimi nakereza shafti wewe ulikuwa bado unaogopa cheche. Choma."

Akachoma. Na sikuzungusha kwa mkono. Kichwa changu cha korona kiliniambia, mzunguko si shida, ukikataa utapindua mkanda. Nikasahau kwamba safari hii hakuna mkanda. Kuna cheni, na cheni haipinduliwi.

Siku ya kuijaribu ilikuwa Jumamosi baada ya adhuhuri, mvua imetoka kupita. Msimamizi wa shamba alituruhusu barabara yao ya ndani, ile iliyonyooka kati ya mikonge, mpaka macho yanachoka. Watu walijaa kama harusi. Wazee wa karakana walikuja wote. Nilimsikia mmoja, sitamtaja, akisema kwa sauti ya kusikika, "Leo tutaona kazi ya mama."

Maganga akapanda, shati jeupe, kofia ngumu ya kiwandani. Akawasha. Yallah! Hamjawahi kusikia kitu kile. Si mlio, ni mtikisiko, unaingia miguuni kwanza ndiyo unafika masikioni. Akivuta mafuta kidogo, pikipiki nzima inainama ubavu wa kulia yenyewe, kwa sababu injini imelazwa kwa urefu na nguvu ya mzunguko wake inaisukuma. Watu wakarudi nyuma. Mimi nilikuwa na chaki mkononi, roho yangu imejaa raha.

Akatia gia ya kwanza. Akaachia klachi.

Ikarudi nyuma.

Tena haikurudi kwa adabu. Ilirudi kama imeitwa. Maganga mikono imenyooka, uso unatutazama sisi, macho makubwa, anapungua, anapungua, huyo anakwenda zake mgongo mbele. Akapita mfereji. Akaingia kwenye nyaya za kuanikia singa, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, singa nyeupe zinaruka juu na kushuka polepole sana, kana kwamba hazina haraka ya kufika chini. Injini ikazima.

Kisha akatokea, mzima, amefunikwa singa kichwani mpaka magotini, ndevu nyeupe za kufika tumboni, mzee wa miaka mia tano. Watu walianguka chini kwa kucheka. Kuna waliokaa matopeni.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaelewa. Gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele, ndicho nilichotengeneza. Niliangalia chini, chaki imevunjika mkononi. Na yule mzee wa karakana aliyesema "kazi ya mama" akageuka kunitazama, akafungua mdomo.

Maganga akamuwahi. Akapaza sauti kutoka kule kwenye singa: "Jamani, kosa langu! Mwenzangu kanipa vipande sawa, mimi nimechomelea fremu kinyume! Uzee huu!" Akazichezea zile ndevu. "Mnaniona lakini, nimekuwa nabii!"

Jina la Rivasi alilipata pale pale. Nami nikanyamaza. Wanangu, nilinyamaza. Ningeweza kusema, mdomo ulikuwepo, na sikusema.

Jioni yake tulikuwa tunaisukuma kurudi nyumbani, nikamuuliza kwa hasira, maana aibu yangu hutoka kama hasira, "Nani alikutuma kunibebea?"

Hakuacha kusukuma. Akasema, "Mimi nikikosea, amekosea Maganga. Maganga ni mmoja. Wewe ukikosea, watasema wamekosea wanawake wote. Sasa mimi na mwili huu nashindwaje kubeba kosa moja?" Kisha akaongeza, "Halafu babu yangu si alizoea mizigo. Sukuma, mtumwa."

Tuliirekebisha kwa wiki sita. Alikata ule mkono wangu wa chuma kwa grainda, tukarudisha kibuyu kama Mungu alivyokiumba, sproketi kulia, eksozi tukaipandisha juu. Safari hii nilizungusha kwa mkono. Nilizungusha mara ishirini, Maganga anahesabu kwa dharau.

Na ikaenda. Hili hamlisimulii pale njia panda, mnaishia kwenye singa. Alfajiri moja, kabla askari wa barabarani hawajatoka, maana haikuwa na namba wala bima na nyinyi msiige, tuliitoa Mombo kuelekea Mkumbara, mimi nimekaa nyuma yake, kanga nimeifunga kichwani kwa mafundo mawili. Milima kulia ilikuwa imevaa ukungu mpaka kiunoni. Kushoto mikonge, mistari na mistari. Alipovuta mafuta ile mistari ikaanza kufunguka na kufunga, kufunguka na kufunga, nikahisi sisi ndio tumesimama na Tanzania ndiyo inapita. Injini ilikuwa chini yetu inanguruma kwa utulivu, haina hata robo ya kazi. Niliweka kidole kwenye fremu, nikakipeleka nyuma ya sikio, kama mti wa Mzee Shebughe. Nikasikia vipande vyangu vyote vimo mle, kila kimoja mahali pake, vinakwenda mbele. Nililia. Machozi yalikwenda pembeni mpaka masikioni kwa sababu ya upepo.

Maganga akapiga kelele, "Mzigua! Unaona?"

Nikajibu naona. Na moyoni nikasema, tukirudi nitawaambia watu ukweli. Tukirudi. Kisha ikawa kesho. Kisha mfungo ukiisha. Kisha Maganga mwenyewe ananiambia, acha, jina lenyewe nimelizoea, watoto wananipenda. Miaka ikapita hivyo, na kila aliyesema Rivasi mbele yangu, nilitabasamu pamoja naye.

Mwaka jana moyo wa Maganga ulivimba. Hakukaa kitandani wiki mbili.

Sasa mtani kwenye msiba ana kazi yake, mnajua au hamjui. Wengine wanalia, mtani anachokoza. Anamtukana marehemu, anazuia jeneza, anadai hiki na kile, mpaka watu wanacheka na kilio kinapata pa kupumulia. Nilisema, leo ndiyo leo. Nikavaa ovaroli lake, limenimeza. Yohana akanisaidia kuisukuma ile pikipiki, nikaiweka mlangoni kukingama, jeneza lisitoke. Nikasimama juu ya kiti.

"Huyu hatoki!" nikasema. "Huyu ni mwongo! Amewadanganya nyote miaka! Aliwaambia alichomelea kinyume. Mwongo! Difu nililipindua mimi! Mimi, Mwantumu! Aliniuliza nikamtukana. Kosa langu kalivaa yeye kama koti!"

Wakacheka. Walicheka mpaka mjane akacheka, mkono mdomoni. "Mtani huyu kiboko," wakasema. Yule mzee wa karakana alikuwa anafuta machozi: "Mpaka makosa ya marehemu anataka kuyarithi!" Nikasema tena, nikaapa, wakazidi kucheka. Wakanipa kuku na kipande cha sabuni kama ada ya mtani, jeneza likapita. Niligundua pale nimesema ukweli mahali pekee duniani ambapo hakuna atakayeuamini. Nilishuka kwenye kiti nikalia sana, na hapo wakasema, sasa mtani naye kazidiwa.

Baada ya arobaini mjane aliniita, akanipa sanduku la vifaa vya Maganga. Chini kabisa, kimeviringishwa kwenye kitambaa cha ovaroli na kupakwa grisi kisishike kutu, nilikikuta kile kipande alichokikata kwa grainda. Matundu manne, ya kushoto. Vitone vitatu kama mafiga. Alikificha asije mtu akakiokota akakisoma.

Nikampelekea Yohana. Yeye ni fundi, hakuhitaji maelezo. Alikigeuza, akaingiza kidole kwenye matundu, akapima kwa macho upande wa fremu, akapitisha dole gumba juu ya vile vitone.

"Kwa hiyo shangazi, pale msibani ulikuwa unasema kweli."

"Nilikuwa nasema kweli."

"Na baba alijua."

"Alijua kabla yangu."

Akakirudisha mkononi mwangu, taratibu. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Alisema tu, "Basi shangazi, kawaambie wale wanaocheka."

Ndiyo nawaambia. Leo sikuvaa ovaroli la mtu na hapa hakuna utani. Kipande chenyewe kimo kwenye kapu langu, lile mnalonipokea kila siku, na mnaweza kukishika. Maganga hakuchomelea kitu kinyume maisha yake yote. Hadithi yenu ni tamu, isimulieni, singa na ndevu na yote, lakini jina mbadilishe. Kesho nikivuka barabara pale njia panda, mmoja wenu aite Rivasi kwa sauti. Nitaitika.